Raha ya Sindano

Jioni ya leo nawaomba tuzungumze habari za uzi: uzi wa kushonea, uzi wa kudarizi, uzi wa kufumia. Mwenye shughuli ya mikono na aendelee nayo huku akisikiliza. Na kama shughuli yenyewe ni ya sindano, basi mazungumzo haya ni yake zaidi ya mtu mwingine yeyote.

Najua mkisikia sindano na uzi vinatajwa redioni mnatarajia nini. Mnatarajia habari za kikundi cha akina mama waliokabidhiwa cherehani na mheshimiwa, picha zikapigwa, hotuba zikasomwa, ikaelezwa kwamba ushonaji utapunguza umaskini. Sina ugomvi na hilo. Cherehani imesomesha watoto wengi katika nchi zetu na imejenga nyumba nyingi. Lakini liko jambo ambalo hotuba zile hazilitaji hata siku moja, nalo ndilo lililonileta hapa. Kushona ni raha. Mtu mwenye kitambaa magotini, sindano mkononi, na saa moja ambayo hadaiwi na yeyote, yuko katika starehe kubwa, na starehe hiyo haihitaji kuuzwa ndipo iwe na maana. Sisi tumeiacha itoke majumbani mwetu kwa sababu tumezoea kuitazama kazi ya uzi kwa macho mawili tu: jicho la shida, na jicho la somo la wasichana.

Nianze na kofia, maana sijui kazi ya uzi katika pwani yetu inayoonyesha jambo hili waziwazi kuliko kofia ya mkono. Nasema ile kofia nyeupe ya viua ambayo utaiona Lamu, Mombasa, Unguja, Pemba na hata Comoro, vichwani mwa wazee siku ya Ijumaa na vichwani mwa maharusi siku ya nikahi. Ukiitazama kwa mbali ni kofia nyeupe tu. Iombe uishike mkononi, uielekeze kwenye mwanga, ndipo utakapoona kilichofanyika.

Kofia hiyo ina sehemu mbili: duara linalokaa utosini na ukanda unaozunguka kichwa. Kitambaa chake ni cha pamba, cheupe, cha tabaka mbili. Nakshi huchorwa kwanza kwa kalamu ya risasi, ikawa maua, nyota, majani yanayofuatana au miviringo iliyoshikana. Kisha mshonaji hupitisha mishono midogo juu ya mistari ile, na katikati ya tabaka mbili hutiwa nyuzi ili nakshi iinuke, hata ukifumba macho ukapitisha kidole uisikie. Hapo ndipo vinapokuja viua. Kila kiua ni kitundu kilichotobolewa kwa ncha ya chuma, halafu ukingo wake ukazungushiwa uzi, mshono ubavuni mwa mshono, mpaka kitundu kikawa kigumu, kisichofumuka hata kofia ifuliwe mara ngapi. Kofia moja huwa na viua mamia. Navyo si pambo peke yake, kwani hupitisha hewa, na yeyote aliyewahi kutembea Mombasa saa saba mchana wakati wa kaskazi anajua thamani ya hewa utosini.

Kazi hii haina njia ya mkato. Kofia ya kawaida huchukua wiki kadhaa, na kofia bora huchukua miezi. Pale Lamu si ajabu kumkuta mwanamume mzima amekaa barazani na kofia yake mkononi, watu wakipita, punda wakipita, salamu zikijibiwa, na sindano haisimami. Niliwahi kukaa na mzee mmoja wa mtaa wa Langoni ambaye alikuwa na kofia mbili kwa wakati mmoja. Nikamwuliza kwa nini hamalizi moja ndipo aanze nyingine. Akanieleza kwamba ile ya asubuhi ni ya mteja, na mteja ameshachagua nakshi. Ile ya jioni ni yake mwenyewe. Ndani yake alikuwa akijaribu kuingiza mchoro alioutoa kwenye zidaka za nyumba ya kale, zile shubaka zenye nakshi za chokaa ukutani, na alikuwa bado hajaridhika na namna pembe zinavyokutana. Nilipotaka kujua ataiuza kwa bei gani alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali lisilomhusu. Hakuwa ameamua kama ataiuza. Mzee yule kutwa alikuwa ameshona kwa ajili ya riziki, na alipotaka kupumzika, alishona.

Kofia ya namna hii haitupwi ovyo. Hufuliwa kwa mkono, hutiwa wanga, kisha huvikwa faroma, lile gogo la mviringo linaloishika isinywee mpaka ikauke. Siku hizi ukimtajia kijana neno faroma atakuuliza kama ni programu ya simu. Wengi hutumia bakuli au sufuria ya kipimo hichohicho, na kofia haikatai.

Ng'ambo ya bahari kofia hii ina ndugu yake. Waomani wanavaa kumma, yenye vitundu vilivyozungushiwa uzi kama hivi vyetu, na wengi wao wenyewe husema ilifika kwao kutoka Zanzibar. Si jambo la kushangaza. Tangu Sayyid Said alipohamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, mpaka Mapinduzi ya 1964, watawala wa pande zote mbili walikuwa ukoo mmoja wa Busaidi, na baada ya 1970 familia nyingi zenye asili ya Oman zilizokuwa Zanzibar zilikwenda kuishi huko. Hadi leo ziko nyumba Muscat ambamo Kiswahili kinazungumzwa jikoni. Watu walisafiri na lugha yao, mapishi yao na sindano zao. Wanawake wa Oman hushona kumma za waume na wana wao, na anayevaa kofia iliyoshonwa na mkewe au mama yake huwa anajua kabisa nani alikaa usiku ngapi juu yake.

Na tusidhani kwamba mapenzi ya uzi pwani yalianza na kofia. Waliochimba magofu ya Kilwa Kisiwani walikuta, kwa wingi, vijiduara vidogo vya vigae vilivyotobolewa katikati. Mtu alichukua kigae cha chungu kilichovunjika, akakisugua kikawa mviringo, akakitoboa, akakipachika kwenye kijiti ili kimpe uzito wa kusokotea pamba. Huo ni uzi uliosokotwa hapa, kwa mikono ya watu wa hapa, karne nyingi kabla ya Wareno kufika.

Kisha kuna habari ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, ambayo mimi siichoki. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, anasimulia kwamba Waislamu wa Sofala walilima pamba na kufuma nguo nyeupe, lakini hawakuwa na rangi ya kuitia. Basi walinunua nguo za buluu zilizotoka Cambay, India, wakazifumua uzi mmoja mmoja, kisha wakazifuma upya wakichanganya uzi ule wa buluu na uzi wao mweupe. Hebu fikirini, jamani. Nguo nzima, mpya, iliyovuka bahari kwa tanga, inafumuliwa yote kwa ajili ya uzi wake! Angetaka kujisitiri tu, mtu yule angeifunga kiunoni ile ya buluu siku ileile aliyoinunua. Angetaka nguo ya bei nafuu, angevaa ile nyeupe aliyoifuma mwenyewe. Alitaka kitu kingine. Alitaka kuona buluu na nyeupe zikilala pamoja kwa mpangilio aliouwaza yeye, na alikuwa tayari kuifanya kazi mara mbili ili aupate. Ukimsikia mtu akisema kwamba kushona kwa ajili ya kujifurahisha ni mambo ya kisasa ya watu wenye nafasi, mwambie habari ya Sofala.

Karne ya 19 ilileta nguo za viwandani kwa wingi, merikani kutoka Massachusetts, halafu za Uingereza na za Bombay, na ufumaji wa nguo wa pwani ukafifia, kwa kuwa mfumaji hawezi kushindana na kiwanda kwa bei. Sindano haikufifia. Kumbukeni kwamba leso yenyewe, au kanga, kabla ya kuwa kazi ya kiwanda ilikuwa kazi ya sindano. Inasimuliwa kwamba wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mkononi vikiwa bado havijakatwa, vikija kwa jora, wakakata vitatu vitatu, wakaviunganisha kwa mshono vikawa nguo moja pana. Wafanyabiashara walipoona jinsi wanawake wanavyoipenda nguo hiyo ndipo wakaagiza ichapwe nzima. Na mpaka leo doti haijawa tayari inapotoka dukani. Inakatwa katikati na kupindwa. Pale Biashara Street, Mombasa, fundi amekaa na cherehani yake nje ya duka akikupindia papo hapo, na bado wapo akina mama wanaokataa, wanaokwenda nayo nyumbani wakaipinda kwa mkono, mshono mdogomdogo, huku wakizungumza na jirani. Ukiwauliza watakuambia upindo wa mkono unalala vizuri zaidi. Nakubali. Lakini wanapenda pia ile saa ya kuupinda.

Sasa raha yenyewe ni nini? Nimeifikiria sana, kwa kuwa mimi mwenyewe nafuma na nadarizi, na watu huniuliza napata nini.

Dakika za kwanza hupati kitu. Kichwa bado kina kelele za kutwa: deni, foleni ya barabarani, neno alilokuambia mtu kazini. Mkono unakwenda na mawazo yanakwenda kwingine. Halafu, bila kujua ni saa ngapi, unakuta kelele zimepungua. Sababu yake si siri. Mshono unadai uangalifu mdogo, lakini unaudai bila kukoma. Ukiuacha kidogo tu, bandi inakwenda upande, au unaruka tundu la kufuma. Kwa hiyo wasiwasi, ambao hupenda akili iliyo wazi, unakosa pa kukaa. Na wakati huohuo uangalifu wenyewe ni mdogo kiasi cha kukuachia nafasi ya kuzungumza, kusikiliza redio, kumfuata mtoto anayesoma kitabu kwa sauti. Simu haiko hivyo. Mtu aliyeinamia simu hayuko nasi barazani. Mtu aliyeinamia kitambaa yupo, anasikia, anajibu, anacheka.

Mwaka 2013 watafiti watatu wa Uingereza, Jill Riley, Betsan Corkhill na Clare Morris, walichapisha matokeo ya kuwauliza wafumaji zaidi ya 3,500 wa nchi mbalimbali habari za kazi yao. Waliofuma mara nyingi zaidi katika wiki ndio walioeleza zaidi kwamba kufuma kunawapa utulivu na furaha, na waliofuma pamoja na wengine walisema wamepata marafiki na kujiamini. Bibi zetu hawakuhitaji utafiti huo. Hata hivyo nimeutaja kwa ajili ya wale wasioamini jambo mpaka lichapishwe.

Raha ya pili ni kuona. Kazi nyingi tunazolipwa mshahara hazionekani. Mtu anashinda ofisini akijibu barua, jioni hana cha kukuonyesha. Lakini ua ulilolidarizi tangu magharibi mpaka isha lipo. Jana halikuwapo, leo lipo, na litakuwapo miaka 20 ijayo kwenye foronya ya mtu. Mnazikumbuka foronya za mama zetu? Nyeupe, zimepigwa pasi, ndege wawili wanatazamana, tawi la maua chini yao, na maneno ya uzi mwekundu yakimtakia mgeni usingizi mwema. Mama aliyeshona maneno yale hakuwa akifanya biashara. Alikuwa akimkaribisha mtu ambaye huenda bado hajamjua, kwa herufi zilizomchukua jioni nzima.

Na raha ya tatu, ambayo wafumaji wanaijua vizuri zaidi, ni kwamba uzi unasamehe. Ukikosea katika kufuma unavuta ncha, kazi yote inafumuka mpaka pale ulipokosea, na uzi wako uko mkononi, mzima, tayari kuanza tena. Hakuna kilichoharibika. Ni mambo machache sana maishani unayoweza kuyarudia kwa gharama ndogo namna hiyo.

Hapa lazima nivitetee vitambaa vya makochi. Nasikia vijana wa mjini wakivicheka, vile vitambaa vyeupe vya kufuma vinavyotandazwa kwenye migongo ya viti, mezani, juu ya redio, na vile vidogo vya kufunikia jagi, vyenye shanga pembeni zinazokilemea kitambaa kisipeperuke. Wanasema ni mambo ya zamani. Mimi nawaomba wavifunue wavitazame, maana ndani yake mna hesabu. Anayefuma duara kwa kroshia huanza na vifundo 6 katika mzunguko wa kwanza. Wa pili viwe 12, wa tatu 18, wa nne 24, akiongeza 6 kila mzunguko. Akifanya hivyo kwa mshono mfupi duara litalala mezani. Akipunguza nyongeza, kitambaa kitajikunja kiwe bakuli. Akizidisha, ukingo utafanya mawimbi. Na akitaka kofia ya mtoto, huongeza mpaka duara litoshe utosi, kisha huacha kuongeza kabisa, na ukuta wa kofia huanza kushuka wenyewe. Mwanamke wa kijijini aliyeacha shule darasa la nne, aliyeambiwa hajui hesabu, anaifanya hesabu hiyo bila karatasi, huku akizungumza habari za harusi ya jirani.

Tena mifumo hiyo wengi wao hawakuisoma popote. Mama anakwenda kumtembelea mwenzake, anakaa, anaona kitambaa kipya cha mfumo wa nanasi. Anakisifu, anakishika, anakigeuza upande wa chini, na macho yake yanahesabu. Akifika nyumbani anakijaribu, na wiki inayofuata nanasi limefika mtaa wa pili. Mara nyingine analiongezea majani yake mwenyewe. Hivi ndivyo sanaa inavyosafiri bila shule na bila leseni, na mtu anayeicheka hajaijua.

Watu wamekwisha kuniambia, lakini hayo si mambo ya wanawake? Nawajibu kwa kuwaelekeza pwani hiihii. Anayeshona tanga la jahazi ni nani? Anayekaa mchangani akitengeneza nyavu zilizochanika, akipitisha uzi jicho kwa jicho, ni nani? Mafundi cherehani wa mitaani, wengi wao ni akina nani? Na yule mzee wa Langoni na kofia zake mbili? Wanaume wa nchi hizi wanashika uzi tangu zamani. Lakini mvulana wa miaka 10 akionekana na kroshia mkononi anachekwa mpaka aifiche. Hapo tunamnyima utulivu ambao babu yake alikuwa nao.

Uingereza, baada ya Vita Kuu vya Kwanza, hospitali zilijaa askari waliovunjika miili na roho. Wengi walipewa sindano na nyuzi za kudarizi, wakafundishwa, wakatulia. Zaidi ya askari 100 waliojeruhiwa, wa Uingereza na wa nchi nyingine zilizopigana upande wake, walidarizi kitambaa cha madhabahu ya kanisa kuu la St Paul's, London, nacho kilitumiwa mwaka 1919 katika ibada ya kushukuru amani. Hao walikuwa wanaume waliotoka kwenye mahandaki ya vita, na hakuna aliyewaambia kwamba sindano inawapunguzia uanaume.

Sijasema habari za cherehani, na mtu asidhani naidharau. Tangu Isaac Singer apate hati yake ya ubunifu Marekani mwaka 1851, mashine ile imeingia karibu kila mtaa wa dunia, na ile ya miguu, inayokwenda bila umeme, bado ni rafiki wa nchi ambazo umeme unakatika. Ina raha yake ya mwendo. Lakini inataka mtu akae nayo, yeye na mashine. Nami leo nazungumzia kazi unayoweza kuitia mfukoni.

Nizungumze kidogo juu ya bei, kwa sababu raha na bei hugongana sokoni. Kofia zilizodariziwa kwa mashine viwandani zinaletwa kwa makontena, na bei yake ni ndogo sana. Kofia ya mkono itakugharimu mara kadhaa zaidi. Anayenunua kofia ya mashine hajakosea, kichwa chake kitasitirika. Ninachokiomba ni kwamba ukisimama mbele ya fundi wa mkono usimpigie hesabu ya kofia ya kiwandani. Usimwambie ile kule ni rahisi. Miezi yake imo mle ndani. Kama huna uwezo nayo, mwambie ni nzuri, mwulize ameishonaje, uende zako kwa heshima.

Shuleni nako tumepoteza kitu. Tanzania kulikuwa na sayansi kimu, na Kenya, katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985, watoto walisoma sanaa, ufundi na sayansi ya nyumbani, wakashona vitambaa vya majaribio na kuvipeleka darasani. Baadaye Kenya ikayaondoa masomo hayo kwenye mtihani wa taifa wa shule za msingi, na mara yalipotoka kwenye mtihani yalitoka kwenye ratiba. Sasa Tanzania ina mkondo wa amali sekondari, na Kenya ina mtaala mpya unaosisitiza umilisi. Nafurahi. Lakini nasikia tena lugha ileile, ajira, ajira, ajira. Tunawafundisha watoto mpira bila kutarajia kila mmoja achezee Simba au Gor Mahia. Tunawafundisha kuimba bila kutaka wote watoe albamu. Kwa nini sindano peke yake lazima ijieleze kwa pesa? Mpeni mtoto, mvulana na msichana, saa moja kwa wiki ya kitambaa na uzi, pasiwe na alama wala mtihani, na mwalimu awe bibi wa mtaa anayejua kazi.

Na wewe msikilizaji unayetaka kuanza, usingoje kozi. Nunua robo mita ya merikani, sindano yenye tundu pana, na uzi wa kudarizi wa rangi unayoipenda. Uzi huo umesokotwa kwa nyuzi 6 nyembamba. Zitenganishe, utumie mbili au tatu kwa wakati mmoja, kazi itatoka safi. Kata uzi usiozidi urefu wa mkono wako, maana uzi mrefu hujifunga mafundo. Chora ua kwa kalamu ya risasi, lizungushe kwa mshono wa mnyororo, ujaze majani baadaye. Anayependa kufuma na atafute kroshia ya milimita 4 au 5 na uzi mnene wa rangi ya kung'aa. Usianze na uzi mweusi, macho yako hayataona vifundo. Kaa penye mwanga, na kila baada ya muda inua macho utazame mbali uyapumzishe. Kazi ya kwanza itakuwa mbaya. Ya tatu utamwonyesha mtu. Usimwambie yeyote kwamba unafungua biashara, hata wakikuuliza.

Na wewe uliyejua kazi hii tangu utotoni, mwenye kitambaa kilichobaki nusu katika sanduku tangu watoto walipozaliwa, nina ombi kwako. Kitoe ukimalize. Kisha, kabla mwezi huu haujaisha, mwite mtu mmoja asiyejua, mtoto wa jirani, mjukuu, mkweo, au mume wako akiwa radhi, umkalishe karibu nawe na umfundishe mshono mmoja tu. Kama ni mvulana anayeona haya, mfundishie ndani, na wenzake watakuja kumwuliza wenyewe.